Sidiria kwa Sisi Tuliojaliwa Kifua

Ukiingia duka la nguo za ndani Kariakoo, swali ni moja: "Unavaa namba ngapi, dada?" Ukisema 38, muuzaji anavuta boksi la 38 na kukutandikia mezani nyeusi, nyeupe na ya rangi ya mwili. Kikombe hakiulizwi. Ukikiuliza wewe, jibu utakalopewa Mtaa wa Kongo ndilo utakalopewa Narung'ombe: "Hii inavutika, itakukaa tu." Mwenye kifua cha wastani anaweza kulipa akaenda zake na asijute. Mwenye kifua kikubwa ameuziwa namba ya mbavu, na tatizo lake haliko mbavuni.

Nataka kulizungumza hili kwa kirefu, kwa sababu wanawake tunafundishana mambo mengi mno halafu hili tunaliruka. Somo ana yake ya kusema, kungwi ana yake, na kwenye kicheni pati bibi harusi anaelezwa kila kitu kuanzia sufuria hadi chumbani. Sidiria ya kwanza msichana ananunuliwa kwa kukadiriwa na macho, "huyu atakuwa 32", na toka hapo anaongeza namba kadiri anavyokua. Mwanamke anafika miaka arobaini, amezaa, amenyonyesha, na hajawahi kuzungushiwa futi chini ya matiti hata siku moja. Fundi wake wa magauni ana vipimo vyake vyote kwenye daftari. Sidiria anayoivaa kila siku haina hata kimoja.

Na anaumwa. Mabegani kuna mifereji ambayo haiondoki hata usiku, shingo inakaza ikifika saa kumi jioni, mgongo wa juu unawaka. Akilalamika anaambiwa ni maumbile, avumilie. Mimi nalikataa neno hilo. Kifua kikubwa kina uzito, ndiyo, na wapo wanawake ambao uzito huo unahitaji daktari kabisa. Lakini maumivu mengi ninayoyasikia kwa rafiki zangu, na niliyokuwa nayo mimi kwa miaka, yanatokana na uzito kutundikwa mahali pasipopaswa kuubeba.

Uzito unakaa wapi

Titi halina msuli ndani yake. Ni mafuta, tezi za maziwa, na nyuzi nyembamba zinazoliunganisha na ngozi na kifua. Nyuzi hizo huitwa kano za Cooper, kwa jina la Astley Cooper, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyezieleza katika kitabu chake cha mwaka 1840. Hazikuumbwa kunyanyua mzigo. Kwa mwenye kifua kikubwa, titi moja linaweza kufika kilo moja na kuzidi, kwa hiyo kuna kilo mbili au zaidi mbele ya mwili zinazotafuta pa kuegemea tangu alfajiri hadi usiku.

Kamba za begani kazi yake ni kukilaza kikombe mwilini kisianguke mbele. Anayebeba ni mkanda, ule unaozunguka mbavu na kufungwa mgongoni. Aliyewahi kubeba mtoto kwa mbeleko anaijua kanuni hii bila kufundishwa: kanga ikikaza vizuri kuzunguka mwili, mtoto anakuwa mwepesi na mikono yako iko huru, ikilegea, unamsikia mabegani kila hatua, hata uivute juu vipi.

Unaweza kujipima hapo hapo ulipo. Shusha kamba zote mbili begani. Kifua kikibaki karibu pale kilipokuwa, mkanda wako unafanya kazi. Kikiporomoka chote, basi siku nzima umekuwa ukikibeba kwa mabega. Halafu simama ubavu mbele ya kioo utazame mgongo. Mkanda unatakiwa uwe umelala sawa, nyuma na mbele kwenye mstari mmoja. Ukiwa umepanda katikati ya mgongo na mbele umeshuka, ni mkubwa kwako, hata kama nyama ya mgongo imetokeza juu yake ukadhani unabana.

Sasa tazama namba za dukani zinavyotuumiza. Chukua mwanamke ambaye mbavu zake zinataka 34. Ya 34 iliyopo dukani ina kikombe kidogo, kinamkata. Anapewa 36, bado kinamkata. Anapewa 38, kikombe kimeongezeka kidogo, anaona afadhali. Anamalizia kwenye 40, ambako kifua kimeingia kiasi na mkanda umepwaya kiasi cha kupitisha ngumi. Mkanda uliopwaya unapanda mgongoni, kifua kinashuka, naye anakaza kamba za begani ili kukirudisha. Hapo mifereji ya mabega inaanza. Akinenepa kidogo au akizaa, anaongeza namba tena, na kila namba anayoongeza inamwondolea msaada aliokuwa akiutafuta. Kitu alichohitaji tangu mwanzo ni mkanda mdogo wenye kikombe kikubwa, na kwenye yale maboksi ya Kariakoo mchanganyiko huo haupo kabisa.

Si sisi peke yetu. Utafiti mdogo wa Australia uliochapishwa mwaka 2008 uliwapima wanawake 30 wa umri wa miaka 18 hadi 26, ukakuta asilimia 80 wamevaa saizi isiyo yao, wengi wao ndogo kuliko inavyotakiwa. Hao ni watu wenye maduka ya kupima bure na vyumba vya kujaribia. Kwetu, ambako sidiria hununuliwa kwa kubandikwa juu ya blauzi katikati ya njia ya wapita njia, sioni kwa nini hali iwe bora.

Futi na namba zake

Kinachotakiwa ni futi ya fundi, ile ya kitambaa, na kioo. Ukipata dada au shoga wa kukushikia, vizuri zaidi.

Kipimo cha kwanza ni chini ya matiti. Zungusha futi pale mkanda unapokaa, sawa kote, toa pumzi, kaza mpaka ikushike. Kipimo cha pili ni kifua chenyewe, na hapa sisi wenye kifua kikubwa tuna jambo letu. Ukijipima umesimama bila sidiria, matiti yaliyolala chini yanakupa namba ndogo kuliko ukweli. Inama mpaka mgongo ulale kama wa mtu anayerukuu, matiti yaning'inie, kisha pitisha futi pale palipojaa zaidi bila kuminya. Namba ya kuinama huwa inawashtua watu. Usiipunguze.

Nitumie vyangu, maana mfano wa kweli unaeleweka upesi. Chini ya matiti nina inchi 34, kifuani inchi 42. Katika hesabu ya Waingereza kila inchi moja ya tofauti ni kikombe kimoja: inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D, 5 ni DD, 6 ni E, 7 ni F, 8 ni FF, halafu G, GG, H na kuendelea. Tofauti yangu ni 8. Mimi ni 34FF.

Nikiitamka namba hiyo mbele za watu, wanaitikia kwa mshangao, kwa sababu wengi tumekua tukiamini D ndiyo kubwa ya mwisho. Herufi peke yake haina ukubwa. D ya 32 na D ya 40 ni vikombe viwili tofauti kabisa, kwa kuwa herufi inapima tofauti kati ya kifua na mbavu za mtu huyo. Mwanamke mwembamba mwenye mbavu ndogo anaweza kuwa FF na ukimwona barabarani usimdhanie.

Iko pia hesabu ya zamani, na bado maduka mengi na chati nyingi za mtandaoni zinaitumia: inakutaka uongeze inchi 4 au 5 kwenye kipimo cha mbavu kabla ya kupata namba ya mkanda. Ni hesabu iliyofaa vitambaa visivyovutika. Kwa mikanda ya leo yenye lastiki, inampotosha hasa mwenye kifua kikubwa. Tazama ilivyonifanyia mimi: 34 kuongeza 4 ni 38, kifua 42 kutoa 38 ni 4, nikawa 38D. Mkanda umepwaya kwa inchi 4, na balaa la pili limejificha kwenye kikombe. Vikombe hupanda na kushuka pamoja na mkanda, kwa hiyo kikombe cha 38D kina ujazo sawa na cha 36DD, na sawa na cha 34E. Mimi ni 34FF. Kati ya E na FF kuna hatua mbili. Hesabu moja imenipa mkanda mkubwa na kikombe kidogo kwa wakati mmoja, nami nikatoka nje nikiwa nimepwaya mgongoni na nimefurika mbele.

Kupanda na kushuka huko ndiko kunakokuokoa dukani. Ukiikosa 34FF, shika 36F, ujazo wa kikombe ni ule ule, mkanda umeongezeka kidogo. Wenye mbavu zilizokaribu na ngozi, wasio na nyama pale, mara nyingi hustarehe zaidi na mkanda mkubwa kwa hatua moja. Wenye nyama laini huweza kukaza bila shida. Futi inakuonyesha pa kuanzia tu, mwili ndio unaokata shauri.

Kuhusu lebo: sidiria nyingi za Kariakoo zinatoka China na zina namba mbili pamoja, kwa mfano 36/80 au 38/85. Hiyo ya pili ni ya mfumo wa sentimita, 34 ikilingana na 75, 36 na 80, 38 na 85. Ya Ufaransa huongeza 15 juu yake, kwa hiyo 75 inakuwa 90. Wamarekani baada ya DD huandika DDD, na ukifika kwenye FF ya Uingereza, wao mara nyingi huiita H. Usiogope herufi za Wamarekani, na usinunue kabla hujajua lebo ni ya nchi gani.

Dukani

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mwenye duka dogo ghorofani, mbali na kelele za chini. Nilimwamkia, nikaanza kumwomba 40 yangu ya siku zote. Akaniangalia, akasema, "Marahaba, mwanangu. Hebu geuka." Akaushika mkanda mgongoni, ukavutika mpaka kwenye kiganja chake. "Wewe si mnene. Wewe una kifua. Nani alikwambia 40?" Akanipeleka nyuma ya pazia, akachukua futi yake shingoni. Alikuwa na 36 chache za kikombe kikubwa alizoziweka chini kabisa ya rafu, na alinieleza kwa nini ziko huko: wateja hawaziulizi, na wanaozihitaji hawajui kwamba zipo. Mwenye mzigo naye haleti kitu kisichoulizwa. Nimelifikiria sana jambo hilo. Ndiyo maana nawasihi wanawake waulize kikombe kwa sauti hata pale wanapojua jibu litakuwa hapana.

Wauzaji wengi ni vijana wa kiume, na wengi wao hawana ubaya. Wanauza walicholetewa. Ila kununua sidiria mbele ya kaka anayekukadiria kifua kwa macho huku wenzake wanasikiliza kunamfanya mwanamke aharakishe, na haraka ndiyo inayotuingiza kwenye 40. Nenda asubuhi katikati ya wiki, tafuta duka lenye pazia, omba dada akuhudumie. Pasipo na pa kujaribia, vaa fulana nyepesi inayoshika mwili uijaribu juu yake. Haitakupa jibu la mwisho kuhusu kikombe, lakini mkanda utaujua.

Uvaaji wenyewe una utaratibu. Sidiria mpya ifunge kwenye kulabu za mwisho, zile za nje, maana lastiki italegea na utahitaji kusogea ndani kadiri miezi inavyokwenda. Inayokutosha kwenye kulabu za ndani kabisa siku ya kwanza itakuwa imepwaya kabla hujaichoka. Inama, ingiza mkono ndani ya kikombe, kusanya nyama yote kutoka kwapani uilete mbele, kisha simama. Fanya upande wa pili. Wanawake wengi tunaamini tuna mafuta ya kwapani, kumbe ni titi lililosukumwa nje na kikombe kidogo kwa miaka.

Ukishasimama, tazama katikati ya kifua. Kama ni sidiria ya waya, kile kipande kinachounganisha vikombe kinatakiwa kilale juu ya mfupa. Kikielea mbali na mwili, kikombe ni kidogo. Waya inatakiwa izunguke titi lote na kuishia nyuma yake, kwenye mbavu. Ikiwa imekalia titi au inakuchoma pembeni, kosa ni la saizi, waya haina hatia. Mpaka wa juu wa kikombe usikate titi likaonekana kama mawili chini ya blauzi. Inua mikono yote juu kama uliyeshika bomba la daladala. Sidiria ikipanda nayo, iache hapo dukani.

Sasa niseme kuhusu sponji, maana ndiyo iliyojaa sokoni. Kikombe cha sponji kimefinyangwa tayari kiwandani, kina umbo lake, na titi linatakiwa lijifinyange kukifuata. Titi kubwa halifuati. Lililolala kidogo baada ya kunyonyesha linaacha nafasi tupu juu na kujaa chini; lililojaa juu linamwagika. Kwa kifua kikubwa kinachosaidia ni kikombe chenye mishono, kilichoungwa kwa vipande vitatu au zaidi vya kitambaa kisichovutika, kwa sababu mishono ndiyo inayotoa umbo na kunyanyua. Kwenye rafu haipendezi. Inaonekana ya kizee, na wasichana huipita. Ivae chini ya gauni uone: kifua kinasimama mahali pake, kiuno kinaonekana, na ile blauzi ya vifungo iliyokuwa ikiachia katikati inafungika.

Kamba za begani ziwe pana, zisizovutika kupita kiasi, na mkanda uwe na kulabu tatu au nne kwenda chini, si moja. Rangi iwe ya mwisho kuangaliwa. Najua inavyouma kukuta kila kilicho kizuri kimeishia B na kilichobaki kwetu ni cheupe kama cha hospitali. Hilo nalo nalilalamikia, kwa sababu mwenye kifua kikubwa anapenda maua na lesi kama mwenzake.

Mitumba, na cherehani

Kwa miaka mingi sidiria za vikombe vikubwa zilizofika nchini zilikuja kwenye marobota ya mitumba. Ndizo zilizokuwa na lebo za Uingereza, 34G, 36F, zenye mishono na waya nzuri, na kuna wanawake walioijua saizi yao kwa mara ya kwanza kwenye meza ya mitumba. TBS, shirika la viwango la Tanzania, imepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya, na hufanya misako. Sina ugomvi na sababu hizo. Tena sidiria iliyovaliwa na mwingine kwa miaka lastiki yake imeshakufa, na lastiki ndiyo uliyokuwa ukiinunua. Ninacholalamikia ni kwamba pengo halikuzibwa. Wanaoleta mpya wanaleta 34 hadi 42 za kikombe kile kile kimoja, na mwanamke wa 34FF ameachwa achague kati ya kuvunja zuio na kuvunja mabega.

Katikati hapo yupo fundi, na nashangaa tunavyomsahau. Ukipata sidiria ambayo kikombe kinakuenea lakini mkanda umepwaya, usiirudishe kabatini. Fundi mwenye mkono mwepesi anaufungua mkanda pembeni, karibu na kikombe, anapunguza kila upande sawasawa, anarudisha mshono kwa zigizagi ili uvutike. Asikate upande mmoja tu, kamba zitakwenda kombo. Anaweza pia kubadilisha kamba nyembamba akaweka pana. Kinyume chake, mkanda ukibana na kikombe kiko sawa, kuna vipande vya kulabu vya kuongezea vinavyouzwa peke yake kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji kwa bei ndogo, na vinafaa sana kwa mjamzito ambaye mbavu zinapanuka kwa muda. Kitu ambacho fundi hawezi kukurekebishia ni kikombe kidogo. Kwa hiyo ukiwa njia panda dukani, chagua kikombe, mkanda utashughulikiwa.

Joto, na yanayosemwa

Chini ya titi kubwa kuna mkunjo, na kwenye mkunjo kuna jasho. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa, mkunjo usiokaushwa unatoka vipele, unachubuka, na fangasi wanapenda mahali kama hapo. Sidiria inayonyanyua vizuri inatenganisha ngozi na ngozi, na hiyo ni nusu ya dawa. Nusu iliyobaki ni kuosha, kukausha kabisa kabla ya kuvaa, pamba badala ya nailoni pale inapowezekana, na kubadilisha ukirudi nyumbani. Pakianza kupasuka au kutoa harufu, nenda kituo cha afya, usimwagie poda juu yake ukasubiri.

Fua kwa mkono na maji yasiyo ya moto. Usiikamue kwa kuisokota. Usiivae ile ile siku mbili mfululizo, lastiki inahitaji kupumzika irudi. Sisi tulilelewa kuanika nguo za ndani chini ya kanga zisionekane, na kwa lastiki kivuli ni kizuri kuliko jua kali, ila hakikisha hewa inapita. Sidiria iliyokaukia kwenye unyevunyevu inarudi mwilini na fangasi wake.

Na kuhusu saratani. Kila mara zinasambaa jumbe kwenye simu kwamba sidiria ya waya, au nyeusi, au ya kulala nayo, inaleta saratani ya matiti. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha Fred Hutchinson kule Seattle, Marekani, walichapisha utafiti uliowahoji zaidi ya wanawake 1,500 wa umri wa miaka 55 hadi 74, wenye saratani na wasio nayo, kuhusu maisha yao yote ya kuvaa sidiria: saa ngapi kwa siku, ya waya au isiyo ya waya, walianza na umri gani. Hawakukuta uhusiano wowote. Vaa waya yako kwa amani. Uoga huo tuuhamishie kwenye kujikagua, maana uvimbe, chuchu iliyoingia ndani ghafla au ngozi iliyobadilika ndiyo ya kukupeleka hospitali mapema.

Wasichana nawaonea uchungu zaidi. Yupo wa darasa la sita ambaye kifua kimemtangulia wenzake, amevishwa fulana mbili zimbane, na kipindi cha michezo anakaa chini ya mti akisema tumbo linamuuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, waliowauliza wasichana zaidi ya 2,000 wa shule walikuta karibu nusu wanasema matiti yao yanaathiri ushiriki wao katika michezo. Titi la anayekimbia linakwenda juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma kwa pamoja, na sidiria ya kawaida haikutengenezwa kwa hayo. Ile ya michezo nayo ni ya juzi tu: ilianza mwaka 1977 kule Vermont, Marekani, wanawake walipounganisha vikinga viwili vya sehemu za siri vya wanariadha wa kiume na kuvishona pamoja. Kwa kifua kikubwa tafuta ya michezo yenye vikombe viwili vilivyotengana na kulabu mgongoni. Ya kuvutia kichwani inagandamiza tu. Mama, shangazi, mwalimu wa kike, ukimwona mtoto wa namna hiyo, mpime. Mwambie namba yake bila kunong'ona.

Wenye ndugu ughaibuni wana njia moja zaidi, kuagizia, na hapa pesa nyingi hupotea kwa ujumbe mfupi wa "niletee bra 38". Uingereza kuna maduka kama Bravissimo, lililoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wenye kikombe cha D na kuendelea, na yapo mengine mengi yenye hadi K. Mwandikie ndugu yako vipimo viwili kwa inchi, cha mbavu na cha kuinama, kisha saizi na nchi ya lebo: "34FF ya Uingereza, ikikosekana, 36F. Yenye mishono, si sponji." Aliyeko Marekani mwandikie 34H, au 36G. Mwombe anunue moja kwanza, aitume na mtu anayekuja, wala asikate lebo. Ukishaivaa ukainua mikono na haikupanda, mpigie simu akuongezee mbili za aina hiyo hiyo, na moja iwe nyekundu.